Picha za Nakivale na Mbarara mtandaoni: namna ya kuionyesha nchi bila kuwahatarisha waliomo

Jua linapochomoza juu ya Ziwa Nakivale, yapata saa moja asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, mjini Brisbane ni saa nane mchana na mjini Perth ni saa sita. Picha iliyopigwa kwa simu ufukoni mwa ziwa huweza kumfikia ndugu aliye kazini Australia kabla ukungu haujaondoka juu ya maji. Kwa familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili zilizopitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, picha za namna hiyo zimekuwa njia ya kuendelea kuijua nchi waliyoiacha, na kwa wapenzi wa upigaji picha ni fani ya kujivunia. Hata hivyo, mandhari ya mahali wanapoishi watu waliokimbia vita hayafanani na mandhari ya mbuga ya utalii. Nyuma ya kilima kizuri huenda pana nyumba ya mtu asiyetaka kupatikana.

Mambo muhimu

- Nakivale, iliyofunguliwa mwaka 1958, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika.
- Faili ya picha huweza kubeba taarifa za mahali ilipopigwa, hata kama hazionekani machoni.
- Sheria za Uganda zinagusa taarifa binafsi na taarifa zinazohusu watoto mtandaoni.
- Maelezo sahihi ya mahali na tarehe huipa picha thamani inayodumu, lakini si kila jambo linafaa kutajwa.

Nchi inayopigwa picha

Nakivale ipo wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Kutoka Mbarara, mji uliopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ni safari ya takriban kilomita 60. Msafiri huacha lami na kuingia barabara ya udongo inayopita kati ya migomba na malisho, mara nyingi akiwa juu ya bodaboda au ndani ya basi dogo ambalo Waganda huliita teksi.

Makazi hayo yana ukubwa wa takriban kilomita za mraba 185 na yamegawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Wakazi wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye walifuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, na leo idadi ya wakazi imevuka watu 100,000. Kwa kuwa wakimbizi nchini Uganda hupewa kipande cha ardhi cha kujengea na kulima, mpiga picha anayetarajia safu za mahema hukuta vijiji, mashamba ya mahindi na maharage, maduka, makanisa na misikiti.

Ziwa Nakivale ni sehemu ya mfumo wa ardhi oevu wa Mburo na Nakivale, uliotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Mto Rwizi, unaopita katikati ya Mbarara, ndio unaolisha mfumo huo. Upande wa kaskazini ipo Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983, yenye pundamilia na swala pala, pamoja na twiga waliohamishiwa huko kutoka Murchison Falls mwaka 2015. Nje ya hifadhi hulishwa ng'ombe wa Ankole, ambao pembe zao ndefu zimepigwa picha pengine kuliko kitu kingine chochote katika eneo hilo.

Mwanga na majira

Eneo hilo liko karibu sana na ikweta, na jambo hilo humhusu mpiga picha moja kwa moja. Jua hupanda na kushuka kwa haraka, kwa hiyo ule mwanga laini wa asubuhi na jioni haudumu kama unavyodumu Melbourne au Hobart. Anayefika ufukoni saa mbili na nusu asubuhi hukuta vivuli vimekwisha kuwa vikali. Wenyeji wanaoijua kazi hiyo husimama mahali pao kabla ya mapambazuko.

Mvua hunyesha zaidi kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Septemba na Desemba. Baada ya mvua hewa husafishika na vilima vya mbali huonekana vizuri. Katika kiangazi, hasa Julai na Agosti, vumbi la barabara na moshi wa nyasi zinazochomwa hufanya anga kuwa na utando wa kijivu. Wengine huikimbia hali hiyo. Wengine huitumia, kwa sababu utando huo huvitenganisha vilima kimoja nyuma ya kingine, na picha ikapata kina.

Urithi wa Ankole ulioanza kabla ya simu

Kushirikishana picha za eneo hilo hakukuanza na simu janja. Katika karne ya 20, mwalimu mmoja wa Ankole aitwaye Musa Katuramu alipiga picha za watu wa nchi yake: wanafunzi, maharusi, wachungaji na jamaa, wengi wao wakiwa wamesimama nje, nyuma yao pakionekana nyumba, miti na malisho. Alifariki mwaka 1983, na filamu zake zikahifadhiwa na familia.

Mwaka 2011 Rumanzi Canon wa Uganda na Andrea Stultiens wa Uholanzi walianzisha mradi wa History In Progress Uganda, ambao hukusanya picha za zamani kutoka kwenye nyumba na makabati ya watu na kuziweka mtandaoni ili Waganda wenyewe wazione na kuzieleza. Picha za Katuramu zilikuwa miongoni mwa zilizofikishwa hadharani kwa njia hiyo.

Mradi huo una funzo kwa anayepiga picha Nakivale leo. Picha iliyoonekana ya kawaida wakati inapigwa hugeuka kuwa ushahidi. Kilima kilichokuwa na miti, kinamasi kilichokuwa na mafunjo, ufuko uliokuwa mbali na nyumba: vyote hubadilika watu wanapoongezeka, kuni zinapokatwa na mashamba yanaposogea majini. Mfululizo wa picha zilizopigwa mahali pale pale mwaka hadi mwaka huonyesha mabadiliko hayo kwa namna ambayo kumbukumbu peke yake haiwezi.

Gharama ya kutuma picha

Upande wa Uganda, picha moja ina bei. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021 na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini humo. Mitandao mingine ilirudishwa mwezi uliofuata, lakini Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka, na waliotaka kuitumia wakalazimika kupitia VPN. Kwa hiyo ndugu aliye ng'ambo anayeweka albamu yake yote Facebook asishangae ikiwa shangazi yake aliyebaki Nakivale hajaiona.

Picha ya simu ya kisasa mara nyingi ina megabaiti tatu hadi tano. Picha ishirini hufikia megabaiti mia moja, na hilo ni bando la siku nzima kwa mtu mwenye kipato kidogo. WhatsApp hupunguza ukubwa huo yenyewe, ndiyo maana ni njia inayotumika zaidi, ingawa majani ya mafunjo hupoteza ncha zake na anga hujaa mistari. Anayetaka ubora zaidi anaweza kuipunguza picha hadi pikseli 2,000 kwa upande mrefu kabla ya kuituma. Ukubwa huo unatosha kuitazama vizuri kwenye skrini, na faili huwa nyepesi zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Kwa anayetafuta wapenzi wenzake wa fani, zipo huduma zilizojengwa kwa ajili ya picha, kama vile Flickr, iliyoanza mwaka 2004, na Instagram, iliyoanza mwaka 2010. Wikimedia Commons, ambayo pia ilianza mwaka 2004, hupokea picha zinazotumika katika makala za Wikipedia, zikiwemo zile za Kiswahili, na shindano la Wiki Loves Africa limekuwa likihamasisha Waafrika kuchangia picha huko tangu mwaka 2014.

Kile picha inachosema bila kuulizwa

Hapa ndipo lilipo suala zito zaidi. Kamera ya simu ikiruhusiwa kujua mahali, huandika ndani ya faili nambari za GPS, pamoja na tarehe, saa na aina ya simu. Taarifa hizo hazionekani kwenye picha, lakini mtu yeyote mwenye programu ya kawaida anaweza kuzisoma na kuonyeshwa kwenye ramani mahali ambapo mpiga picha alisimama, mara nyingi kwa kukosea mita chache tu.

Kwa mtalii aliyepiga picha ya pundamilia Mburo, hilo halina madhara. Nakivale mambo ni tofauti. Wapo wakazi waliokimbia makundi yenye silaha, wapo waliokimbia serikali, na wapo wanawake waliokimbia waume au ukoo. Chukua mfano wa mama anayepiga picha ya machweo akiwa mlangoni pake na kumtumia binti yake Adelaide. Binti anaiona nzuri, anaiweka hadharani. Endapo faili ilitumwa ikiwa kamili, anwani ya mama sasa iko mikononi mwa yeyote anayeitaka.

Programu hazifanani katika jambo hili. WhatsApp huondoa taarifa za mahali pale picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, lakini ikitumwa kama hati, faili husafiri na kila kilichomo. Flickr huweza kuonyesha taarifa za kamera na ramani, kutegemea mipangilio ya mwenye akaunti. Njia ya uhakika ni kuzima ruhusa ya mahali katika mipangilio ya kamera kabla ya kupiga.

Hata hivyo, kuzima GPS hakumalizi kazi. Mandhari yenyewe ni ramani. Umbo la kilima, mnara wa simu, rangi ya paa la kanisa na pembe ya ziwa vinatosha kwa mwenyeji kutambua mtaa. Ndiyo sababu wapiga picha waangalifu hupendelea kusimama mahali pa wazi ambapo kila mtu hupita, kama vile ufukoni, barabarani au juu ya kilima, na kuielekeza kamera mbali na nyumba. Wengine hungoja. Picha ya safari huwekwa mtandaoni baada ya msafiri kuondoka, si akiwa bado amesimama pale.

Wapenzi wa viumbe wanaifahamu busara hiyo. Huduma ya iNaturalist, ambako watu huweka picha za ndege, wanyama na mimea, huficha mahali halisi pa viumbe vilivyo hatarini kutoweka ili wawindaji wasiwafikie. Anayekubali kwamba kiota cha ndege adimu kisitajwe hatashindwa kuelewa kwa nini mlango wa jirani yake nao usitajwe.

Ridhaa, watoto na sheria

Katika Nakivale ni vigumu kupiga picha ya mandhari isiyokuwa na mtoto ndani yake. Kamera ikitolewa tu, watoto hukusanyika. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo msingi wake ni ridhaa ya mwenye taarifa. Marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliweka pia katazo la kusambaza taarifa zinazomhusu mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Tabasamu la mtoto si ridhaa ya mzazi.

Ridhaa ya kweli huhitaji maelezo. Mzee anayekubali kupigwa picha akiwa na mtumbwi wake huenda anadhani picha itabaki kwenye simu ya mgeni. Ni haki yake kuambiwa kwamba itawekwa mahali ambapo watu wa Goma, Bujumbura na Sydney wataiona, na kwamba ikishasambaa hairudi. Lugha haiwi kikwazo kikubwa, kwani Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wa wakazi hao. Neno moja la heshima, "Mzee, naomba ruhusa," na maelezo ya dakika mbili hufungua milango ambayo lenzi ndefu haiwezi kuifungua.

Makazi yenyewe husimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia idara ya wakimbizi. Mgeni anayekuja kupiga picha, wakiwemo waliowahi kuishi hapo na sasa wana pasipoti za nchi nyingine, anashauriwa kujitambulisha kwa uongozi na kuomba kibali kabla ya kutoa kamera. Foleni za mgao wa chakula na vituo vya usajili si mahali pa kupigia picha za kumbukumbu. Mjini Mbarara na njiani, kambi za jeshi, vizuizi vya polisi na askari wakiwa kazini huachwa nje ya fremu. Droni nayo huhitaji kibali cha mamlaka husika.

Maelezo yanayodumu

Baada ya tahadhari zote hizo, mtu anaweza kudhani kwamba ni salama zaidi kutoandika chochote chini ya picha. Hilo nalo ni kosa. Picha isiyo na maelezo huokotwa na kupewa maelezo ya uongo: kilima cha Isingiro kikaitwa Kivu, na watoto wa Rubondo wakatumiwa kuombea michango isiyowafikia.

Mfano mzuri wa thamani ya maelezo uko Biharwe, kando ya barabara ya Masaka inayoingia Mbarara. Kwa macho tu, mahali hapo ni kilima cha majani. Lakini juu yake umesimama mnara wa Itaaba Kyabanyoro, unaokumbusha kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, tukio ambalo masimulizi ya Ankole yanalihusisha na kurudi nyuma kwa jeshi la Bunyoro. Bila maneno, historia hiyo haimo kwenye picha.

Maelezo yanayofaa hutaja eneo pana, mwezi na mwaka, majira ya siku, na upande ambao kamera ilielekea: "Ziwa Nakivale, wilaya ya Isingiro, Julai, asubuhi, kuelekea mashariki." Hayo yanamtosha mtafiti wa baadaye na mpenzi wa picha wa leo. Jina la kijiji, namba ya nyumba na majina ya watu hubaki kwenye daftari la mpiga picha.

Kuna pia haki ya aliyepiga. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda picha kama kazi ya mwenye kuipiga, na kutumiwa picha kwa simu hakumfanyi aliyeipokea kuwa mmiliki. Anayetaka kuisambaza humwomba mwenyewe na kumtaja. Lakini mkimbizi anaweza kutaka kazi yake itambuliwe bila jina lake halisi kuonekana, kwa hiyo swali sahihi ni, "Ungependa uitwe nani?" Kwa upande wa leseni huria za Creative Commons, uamuzi usifanywe kwa haraka. Wikimedia Commons hukubali picha zile tu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, hata kibiashara, na leseni ikishatolewa haiwezi kuondolewa kwa waliokwisha kuitegemea.

Wajibu wa anayepokea

Mashauri mengi ya usalama humlenga anayepiga picha. Lakini picha nyingi za Nakivale zinazosambaa huanza safari kama zawadi ya mtu mmoja kwa ndugu yake. Anayezitoa nje ya familia mara nyingi ni aliyepokea, akiwa Australia, Kanada au Norwei, kwa nia njema na kwa hamu ya kuwaonyesha marafiki wapya kwamba alikotoka si mavumbi na mahema tu, bali pia maji, mafunjo na korongo wenye ushungi.

Hamu hiyo ni halali, na picha nzuri huitimiza vizuri kuliko hotuba. Kabla ya kuisambaza, maswali manne yanatosha: Je, aliyepiga amekubali? Je, kuna sura ya mtu, hasa ya mtoto, isiyo na ruhusa? Je, nyumba au njia ya kwenda nyumbani inatambulika? Je, faili bado ina taarifa za mahali?

Jibu moja likiwa na shaka, picha ibaki kwa mwenye simu na mpiga picha aombwe nyingine. Kesho saa moja asubuhi jua litachomoza tena juu ya ziwa, na anaweza kusimama hatua kumi upande wa kushoto, mlango wa mama usionekane.